Nani afungue mlango wa nyumba inayoungua, na lini?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Morogoro. Mwanawe yuko mafunzoni, anasomea uaskari wa zimamoto. Aliporudi likizo aliwaambia nyumbani kwamba nyumba ikishika moto, mlango haufunguliwi mpaka mpira wa maji uwe tayari mkononi. Jirani yao, mzee aliyestaafu kazi hiyohiyo, akampinga: enzi zao walianza kwa kuvunja madirisha ili moshi utoke, waone njia, waliomo ndani wapate kupumua. "Wote wawili nawaheshimu," anaandika, "lakini hawawezi kuwa sahihi wote. Na hao walimu wa mwanangu wamejuaje? Au ni mambo ya vitabuni tu?"

Mama, kijana wako amefundishwa vizuri, na mzee naye ana haki ya kuyaamini macho yake. Moto aliopambana nao ujanani na moto unaomsubiri mwanao si wa aina moja. Nyumba zimebadilika, na vyombo vilivyomo vimebadilika zaidi ya nyumba zenyewe. Nitaeleza jinsi jambo hilo lilivyojulikana, kwa sababu swali lako la pili, la walimu wamejuaje, ni zito kuliko la kwanza.

Tuanzie kwenye godoro na sofa. Godoro la zamani lilijazwa sufi, pamba au usumba, na kiti cha sebuleni kilikuwa mbao na mto wa pamba. Siku hizi karibu kila kinacholaliwa na kukaliwa ni sponji, na sponji hutengenezwa kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli. Kilo moja ya sponji ikiungua hutoa joto karibu mara moja na nusu ya kilo moja ya mbao, lakini kinachotisha zaidi ni kasi yake. Underwriters Laboratories, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa bidhaa, iliandaa vyumba viwili vya ukubwa uleule. Kimoja kilipangwa samani za zamani, kingine za kisasa, na katika kila kimoja ukawekwa mshumaa unaowaka juu ya sofa. Chumba cha kisasa kilichukua dakika 3 na sekunde 40 kufikia hatua ambayo kila kitu chumbani hushika moto kwa mpigo mmoja, kuanzia darini hadi kwenye zulia. Zimamoto huiita flashova. Chumba cha zamani kilichukua dakika 29 na sekunde 30.

Zitazame namba hizo kwa jicho la mzee. Tuseme gari lake lilifika dakika ya kumi baada ya moto kuanza. Alikuta moto mchanga, bado una hewa ya kutosha, moshi umetanda lakini chumba chenyewe hakijawa tanuri. Alivunja dirisha, moshi ukatoka, akaona njia, akaingia, akazima. Alifanya hivyo mara nyingi na kila mara ikafaa. Gari la mwanao likifika dakika hiyohiyo ya kumi litakuta moja kati ya mambo mawili: ama chumba kimekwisha kulipuka na miali inatoka dirishani, ama nyumba ilikuwa imefungwa na moto umemaliza hewa, umefifia, unangoja. Hilo la pili ndilo linaloua zimamoto, kwa kuwa kwa nje linaonekana kama moto uliokwisha kushindwa.

Hapa inaingia hesabu, na nakusihi uvumilie, maana ni hesabu nyepesi na ndiyo kiini cha jambo lote. Moto unahitaji hewa kama unavyohitaji kitu cha kuunguza. Mwaka 1917 Mwingereza W. M. Thornton alionyesha kwamba vitu vingi, hata vikitofautiana sana, hutoa karibu joto lilelile kwa kila kiasi cha oksijeni vinachotumia vikiungua. Mwaka 1980 Clayton Huggett wa Marekani alithibitisha hilo kwa vitu vya majumbani: ni takriban megajuli 13 kwa kila kilo ya oksijeni. Chukua chumba cha mita 4 kwa 4, dari mita 2.5. Hewa iliyomo ni mita za ujazo 40, uzito wake kama kilo 48, na oksijeni ndani yake kama kilo 11. Lakini miali haingoji oksijeni iishe kabisa. Ikishuka kutoka asilimia 21 hadi karibu 15, miali hufa. Kwa hiyo moto wa chumba hicho unapata kilo 3 hivi tu za oksijeni, yaani joto la megajuli 40. Kilo moja ya sponji inabeba megajuli 25 hivi. Maana yake, chumba kilichofungwa vizuri hakina hewa ya kuunguza hata kilo mbili za sponji, wakati godoro moja la futi tano kwa sita lina sponji nyingi kupita hapo.

Je, moto huo umezimika? Hapana. Miali imelala, lakini joto lipo, na sponji inaendelea kutoa mvuke wake mweusi. Moshi unaouona si uchafu tu wa kuwasha macho. Ni kitu kinachoweza kuungua, kilichotanda chumba kizima, kimekwisha kupata joto, kimekosa hewa peke yake. Sasa mtu afungue mlango. Kunio Kawagoe wa Japani alionyesha mwaka 1958 kwamba ukubwa wa moto chumbani hutawaliwa na upana na urefu wa uwazi unaoingiza hewa. Mlango wa sentimita 80 kwa mita 2 unaweza kuingiza hewa ya zaidi ya kilo moja kila sekunde, na kwa kanuni ileile ya Thornton hiyo inatosha kulisha moto wa megawati 3 na kitu. Ni kama birika za umeme 1,500 zikichemka kwa pamoja ndani ya chumba kimoja. Aliyefungua alidhani anautoa moshi. Kumbe ameulisha moto.

Hesabu hizi zilikaa vitabuni miaka mingi kabla hazijafika kwa mshika mpira. Misiba ndiyo iliyozifikisha, na mmoja nitausimulia kwa kirefu kwa sababu unajibu swali lako la pili kuliko maelezo yoyote ninayoweza kutoa.

Tarehe 28 Machi 1994, jijini New York, zimamoto waliitwa kwenye jengo la ghorofa tatu, namba 62 mtaa wa Watts. Taarifa ilikuwa ya moshi na cheche zinazotoka kwenye dohani ya paa, jambo ambalo zimamoto wa huko wameliona mara nyingi. Hakuna aliyejua kwamba mpangaji wa chini alikuwa ametoka na kuacha mfuko wa taka wa plastiki juu ya jiko la gesi, ukayeyuka kwa kimwali cha jiko na kushika moto. Nyumba ilikuwa imekarabatiwa, kila upenyo umezibwa ili isipoteze joto wakati wa baridi. Moto uliwaka kama saa moja, ukakosa hewa, ukafifia. Kikosi kimoja kikavunja mlango wa chini, kingine kikapanda ngazi kwenda juu. Mlango ulipofunguka, hewa ya vuguvugu ilitoka. Kisha hewa ya nje ikavutwa kwa nguvu kuingia ndani. Kisha miali mikubwa ikatoka mlangoni na kupanda ngazi yote. Waliokuwa chini waliweza kujitoa. Watatu waliokuwa juu yao kwenye ngazi hawakuwa na pa kukimbilia, na wote watatu walipoteza maisha, mmoja wao, kapteni, baada ya wiki kadhaa za kuuguza majeraha.

Miali ile ilidumu kwenye ngazi dakika sita na nusu. Jambo hilo ndilo lililowatatiza wazoefu. Mlipuko wa mlango kufunguliwa waliujua: moto hutoka kwa kishindo, sekunde chache, ukaisha. Dakika sita na nusu zilikuwa nje ya yote waliyowahi kuyaona. Hawakusema ni mapenzi ya Mungu wakaishia hapo. Idara yao ilipeleka swali kwa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, na mhandisi Richard Bukowski akaijenga upya nyumba ile ndani ya programu ya kompyuta inayoitwa CFAST: vipimo vya vyumba, mlango, dohani, ngazi, muda uliopita. Hesabu ilionyesha kwamba saa nzima ya kufukuta bila hewa ilikuwa imekusanya gesi zisizoungua za kutosha kulisha miali kwa muda uleule walioushuhudia. Tangu hapo nyumba iliyozibwa vizuri ikawa onyo lenyewe, na hewa inayovutwa kuingia ndani pale mlango unapofunguka ikawa ishara ya kuondoka papo hapo.

Ona mpangilio wake, mama. Swali lilitoka kwa wafanyakazi wa ngazini. Mtu wa maabara hangeweza kuliuliza, kwa sababu hakuwepo. Na wao hawangeweza kulijibu, kwa sababu jicho haliwezi kupima gesi iliyojikusanya nyuma ya mlango uliofungwa. Hivyo ndivyo walimu wa mwanao wamejua.

Miaka mitano baadaye, Mei 1999, mjini Washington, zimamoto wawili walikufa katika nyumba ya barabara ya Cherry. Moto ulikuwa chumba cha chini ya ardhi. Wao waliingia kwa mlango wa mbele, ghorofa ya juu yake, na wenzao wakafungua mlango wa kioo wa nyuma, ulioelekea moja kwa moja kwenye moto. Kwa muda mfupi sana hewa iliingia nyuma, moto ukakua, na joto lote likapanda ngazi ya ndani hadi pale waliposimama wale wawili. Safari hii Daniel Madrzykowski na wenzake wa NIST walitumia programu nyingine iliyoweza kuonyesha joto likitembea, sekunde kwa sekunde, kama filamu. Zimamoto waliotazama picha hizo walielewa jambo ambalo maneno yalikuwa hayajaweza kuwaelewesha: moto una njia, hewa inaingia mahali fulani na joto linatoka mahali pengine, na mtu yeyote aliyesimama kati ya moto na mlango wa kutokea joto amesimama ndani ya bomba la moshi. Kila dirisha linalovunjwa linachora njia hiyo upya. Kwa hiyo swali la "tufungue au tusifungue" halijakamilika. Lazima liulizwe pamoja na "moto uko wapi, na watu wako wapi".

Kompyuta hata hivyo haitoshi, na zimamoto walikuwa na haki ya kuitilia shaka. Ndipo yakaja majaribio ya nyumba nzima. Underwriters Laboratories walijenga nyumba mbili kamili ndani ya ukumbi wao mkubwa huko Northbrook, Illinois, moja ya chini na moja ya ghorofa, wakazipanga samani, wakazichoma mara kadhaa, huku zimejaa vipima joto na vipima gesi kila chumba. Matokeo yalitolewa mwaka 2010. Baada ya kufungua mlango au dirisha bila kumwaga maji, nyumba ya chini ilifikia hali ya kumuua hata zimamoto mwenye mavazi kamili kwa takriban sekunde 100, na nyumba ya ghorofa kwa takriban sekunde 200. Mwaka 2012 zimamoto wa New York, NIST na taasisi hiyo wakaenda kisiwa cha Governors, mbele ya jiji lao, wakachoma nyumba za kweli zilizokuwa zinangoja kubomolewa. Jambo hilo lilikuwa na uzito wake: askari wa kawaida walikuwepo, wakaona mambo yakitokea kwenye nyumba zinazofanana na za kata zao.

Kuna kisa kimoja cha majaribio hayo nakipenda kuliko vyote. Kwa vizazi vingi zimamoto walifundishana kwamba ukimwaga maji kutoka nje kupitia dirishani, utausukuma moto uwafuate wenzako waliomo ndani. Wengi waliapa kwamba limewapata. Watafiti hawakuwaambia wanaota. Walichukua vipimo: maji yakiwa mkondo mwembamba ulioelekezwa darini kupitia dirishani, joto la vyumba vyote likashuka, hata vya mbali. Halafu wakarudi kuuliza, basi wale waliounguzwa walihisi nini? Na majibu yakapatikana. Mara nyingi wakati ule ule wa maji kuanza, mtu mwingine alikuwa amefungua mlango au dirisha upande wa pili, na joto likafuata njia mpya. Mara nyingine mavazi yalikuwa yamekwisha kufyonza joto kwa dakika kadhaa, likafika kwenye ngozi wakati huo maji yakimwagwa. Tena maji yakitawanywa kama mwavuli mpana, au mpira ukizungushwa ovyo dirishani, yanaburuta hewa nyingi pamoja nayo. Kwa hiyo joto lilikuwa la kweli na maumivu yalikuwa ya kweli. Sababu waliyoitaja ndiyo haikuwa yenyewe.

Nadhani mzee wenu yuko hapohapo. Alichokiona ni kweli: walivunja madirisha na mambo yakawa mepesi. Sababu anayoitoa, kwamba moshi lazima utangulie kutoka, ilitosha kwa moto wa pamba na mbao. Na kutoa moshi hakujafutwa, kunafanyika hadi leo kila mahali. Kinachotakiwa ni maji yawe yanafika kwenye moto kwanza, au vyote viende pamoja kwa amri ya mtu mmoja anayeona pande zote za nyumba.

Mafunzo nayo yana historia yake. Wasweden ndio walioanza, miaka ya 1980, kuwaingiza zimamoto kwenye makontena ya chuma yaliyowekwa mbao upande mmoja, wakakaa chini na kutazama moshi ukishuka na miali ikitambaa juu ya vichwa vyao, wakajifunza kuipoza kwa maji kidogo kidogo. Uingereza ililichukulia jambo hili kwa uzito zaidi baada ya Februari 1996, pale zimamoto wawili walipouawa na mlipuko wa aina ile ya mtaa wa Watts huko Blaina, Wales, wakitafuta watoto ndani ya nyumba, na siku tatu baadaye Fleur Lombard akafa katika moto wa duka kubwa karibu na Bristol. Kontena ni shule nzuri ya jicho. Lakini mwambie kijana wako asilichukulie kuwa nyumba. Ndani ya kontena wanaunguza mbao, kwa kuwa sponji na plastiki ni hatari mno kwa mafunzo, na moto wa mbao unampa mtu nafasi ya kufikiri. Anayezoea mwendo wa kontena anaweza kubeba kichwani saa isiyo ya nyumba ya leo. Mwalimu mzuri hulisema hili waziwazi siku ya kwanza.

Kuna pia kujifunza kwa yale yasiyofika kuwa msiba. Mwaka 1998 Marekani ilianzisha mpango wa taifa wa kuchunguza vifo vya zimamoto kazini, na ripoti zake zikatolewa hadharani bila kumtafuta wa kulaumiwa. Mwaka 2005 ukaongezwa utaratibu wa askari kuripoti yale yaliyonusurika: sakafu iliyokatika nikavutwa na mwenzangu, hewa iliyoniishia nikiwa ndani, mlango uliojifunga nyuma yangu. Waliiga marubani. Naliona hili kuwa jambo lisilohitaji fedha nyingi na ambalo tungeweza kulifanya kesho. Gumu lake ni la tabia. Askari hataeleza alivyonusurika kama anajua ataadhibiwa kwa kueleza.

Sasa kwetu. Usichukue namba za Illinois ukazipeleka Morogoro zilivyo. Nyumba zao zimefungwa kwa ajili ya baridi. Zetu nyingi zina madirisha ya wavu na nondo, uwazi chini ya mabati, wakati mwingine hazina dari, na moshi unaopanda chumba kimoja unavuka ukuta mfupi na kushukia chumba cha pili. Moto wa nyumba ya namna hiyo haukosi hewa upesi, kwa hiyo hauwangoji zimamoto wafungue. Unafika flashova wenyewe. Upande mwingine, ofisi na hoteli zenye viyoyozi na vioo visivyofunguka, ambazo sasa zimejaa Dar es Salaam, Nairobi na Dodoma, zinafanana kabisa na nyumba za huko. Askari wa jiji letu anaweza kukutana na aina zote mbili kwa zamu moja, na anahitaji kanuni ya hewa zaidi ya kukariri amri.

Kinachotakiwa ni majaribio ya nyumba zetu, na Afrika imeanza. Baada ya moto wa Machi 2017 ulioteketeza zaidi ya nyumba 2,000 katika makazi ya Imizamo Yethu, Cape Town, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch wakishirikiana na wa Edinburgh walijenga vibanda 20 vya mabati na mbao, wakavichoma vikiwa vimepangwa kama mtaani, ili kupima moto unavyoruka kutoka kimoja hadi kingine. Zimamoto wa eneo hilo walikuwepo. Manzese, Kibera na Katwe zinafanana na vibanda hivyo kuliko zinavyofanana na nyumba yoyote ya Illinois.

Halafu kuna somo ambalo halingoji jaribio lolote. Ni la wanafunzi waliokufa kwa moto mabwenini. Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, wasichana 42. Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, wavulana 67, mlango mmoja umefungwa na madirisha yana nondo. Idodi, Iringa, mwaka 2009, wasichana 12. Kenya ilitoa mwongozo wa usalama wa shule mwaka 2008, na ndani yake mambo yameandikwa bila kuzunguka: mlango kila upande wa bweni na wa dharura katikati, yote ifungukie nje na isifungwe wanafunzi wakiwamo, madirisha yasiwe na nondo, kati ya kitanda na kitanda mita 1.2. Septemba 2024, Endarasha, Nyeri, watoto 21. Magodoro ya sponji yaliyopangwa karibu karibu katika bweni moja ni lile jaribio la dakika 3 na sekunde 40 likirudiwa kwa vitanda vingi, na hakuna gari la zimamoto duniani linaloweza kufika ndani ya muda huo. Nikikutana na mkaguzi anayeidhinisha bweni lenye nondo huwa sizungumzi naye sayansi. Namsomea majina ya shule hizo.

Umeuliza kwa ajili ya mwanao, lakini mengine ni ya nyumbani kwako. Usiku mlale milango ya vyumba ikiwa imefungwa. Katika majaribio yale yote, chumba kilichofungwa mlango kilibaki na hewa ya kuvutwa muda mrefu baada ya sebule kuwa haiingiliki. Ufunguo wa geti la nondo ukae mahali pamoja, karibu na geti, watoto wapajue. Mkikimbia, vuteni mlango nyuma yenu, kisha pigeni 114. Waambieni moto uko chumba gani, nani amebaki na yuko upande gani. Majirani wasivunje madirisha kwa ajili ya kutoa moshi. Kama mtu yuko dirishani na anafikika, hilo ni jambo jingine: vunjeni, mtoeni. Zimamoto mwenyewe akiingia kwa dirisha la chumba cha kulala kumtafuta mtu, kitu cha kwanza anachofanya, kabla ya kupapasa kitanda, ni kwenda kuufunga mlango wa chumba hicho, ili dirisha alilovunja lisiwe mdomo wa kuvutia moto upande wake.

Na kabla kijana hajarudi chuoni, mpeleke kwa mzee, amsalimie, akae naye na daftari. Asiende kubishana. Amuulize habari za moto mmoja mmoja anaoukumbuka: nyumba ilijengwa kwa nini, paa la nini, ndani mlikuwa na magodoro ya aina gani, upepo ulitoka wapi, mlango gani ulifunguliwa kwanza na na nani, moshi ulikuwa wa rangi gani kabla na baada, maji yalifika baada ya muda gani. Nyumba hizo za Morogoro hakuna maabara iliyozipima.